Vipande Vinne vya Ufuta wa Mama Mkwe

Chekeni tu jamani, maana hata mimi sasa nacheka, ila siku ile pale Ruangwa nilitamani ardhi ipasuke inimeze na kaptula yangu ya kaki niliyoipiga pasi ya mkaa mpaka ikasimama yenyewe.

Nilikuwa msaidizi wa bwana shamba, na nilikuwa nimeposa Mbekenyera, kwa Bi Somoe, binti yake Zainabu. Bi Somoe alikuwa na mbegu ya ufuta aliyoachiwa na marehemu mama yake, naye aliapa kwamba inazaa kuliko ile mpya tuliyokuwa tunagawa. Bwana shamba, mzee mpole aliyehamia kutoka Nachingwea, akasema basi tuzipime; ya mama isipozidi, mwakani watu wote wapande mpya na ile ya zamani iachwe.

Akakaa na daftari akauliza mambo matatu: tunatafuta tofauti kubwa kiasi gani, ardhi yetu inatofautiana vipi toka hapa hadi pale, na tunataka uhakika gani wa kuiona hiyo tofauti kama ipo kweli. Akapiga hesabu wee, mwisho akasema, "Bakari, vipande ishirini na vinne, kila kimoja nusu mbegu hii, nusu ile. Tofauti yenyewe ni ndogo. Ukipanda vichache utapita juu yake usiione."

Nikasema ndiyo bwana. Nikapanda vinne.

Msinihukumu. Kwetu ukiposa unakwenda kulima kwa wakwe, mama mkwe aione nguvu yako kabla hajakupa mwana, na mvua ya ufuta haimngoji mtu. Basi siku za kupanda nilizimalizia Mbekenyera, nalima kwa Bi Somoe huku namchungulia Zainabu akipita na ndoo, na moyoni najiambia vinne vinatosha, mizani si ni ile ile?

Siku ya kupima watu wakaja, wengine toka Matambarale kwa miguu, na Bi Somoe yuko mbele, mbegu zake kazifunga kwenye pindo la kanga. Nikapima, nikajumlisha, nikapanda juu ya sanduku (hakuna aliyeniambia nipande juu ya sanduku) nikatangaza, "Mbegu ya mama haizidi. Zimelingana!"

Bi Somoe akalishika lile fundo kwa mikono miwili. Moyo wangu ukauma. Kisha akauliza taratibu, "Mwanangu, umepanda vipande vingapi?"

"Vinne, mama."

"Na ile nusu ya mbegu yenu iliyozaa sana, mbona imekaa kwenye kichuguu?"

Akaenda akachokoa udongo kwa kidole cha mguu, mchwa wakatoka. Watu wakaangua kicheko, maana huku hata mtoto anajua udongo wa kichuguu unavyozalisha. Bwana shamba akavua kofia. "Bakari, nilisema ishirini na vinne. Siku za kupanda ulikuwa wapi?"

Kabla sijapata uongo, Bi Somoe akajibu, "Alikuwa kwangu, bwana. Shamba langu lote kalima yeye."

Hapo kicheko kikawa cha kushika mbavu, nami katika kushuka haraka nikimbilie popote, sanduku likapasuka, nikaangukia turubai tulilomwagia ufuta uliopimwa, mbegu ya mama na ile mpya zote zikanijaa kichwani. Aliyenifuata hapo chini alikuwa Bi Somoe. Akaanza kunitoa ufuta kwenye nywele, mmoja mmoja, kama anayemtoa mwanawe chawa, na nakiri machozi yalinitoka.

"Mwakani hulimi kwangu," akasema. "Mimi na Zainabu ndio tutakuja kulima kwako, mpaka vitimie."

Wakaja. Tukapanda ishirini na vinne, na ufuta wa mama ukazidi, kidogo tu, kile kidogo ambacho vinne visingekiona kamwe. Haukuachwa, na mimi nikapewa mke.

Mama hayupo tena. Ila kila nikiletewa mbegu mpya naipanda kando ya ile yake, na nimeapa sipunguzi hata kipande kimoja. Zainabu anafungua fundo, mimi nahesabu kwa sauti, na nikifika cha nne huwa anasimama, ananitazama, anacheka, nami naendelea.