Mkasi wa Kamba Fupi

Kiwandani walimwita Kinanda, kwa kuwa akishakaa mbele ya cherehani hanyamazi: atasimulia, ataimba, atamwiga msimamizi mpaka wenzake wajichome sindano kwa kucheka. Sasa Kinanda alikuwa amezimika. Taya lilimgomea. Akipiga mwayo, kitu mbele ya sikio kinalia kama bawaba kavu, kisha mdomo unakwama, na kijiko cha uji hakipiti bila vita.

"Nyumba imepata amani," mumewe alimtania. Alipoona machozi yanamlengalenga mkewe, akaumeza mzaha wake.

Daktari wa meno alisema meno ni mazima, kinachoumwa ni kiungo cha taya. Akamwambia wapo wanaopata nafuu kwa tabibu wa uti wa mgongo, yule anayetibu kwa mikono bila dawa wala kisu.

Kitanda cha tabibu kilikuwa chembamba. Kinanda alipolala juu yake alijiona kama kitambaa kilichotandazwa mezani, kinasubiri kukatwa.

"Usiogope, mama, shingo yako utaondoka nayo," tabibu alisema. "Nikikuumiza, inua mkono. Kupiga kelele najua huwezi."

Akampapasa kuanzia mabegani hadi chini ya fuvu, akaguna. "Shingo imekaza kama kamba ya kuanikia nguo. Na shingo na taya wanakaa ukuta mmoja. Huyu akigombana, yule halali." Alimminya taratibu, shingoni, kisha mashavuni. Hakuahidi muujiza. "Wengine hupona, wengine hawaponi. Unatafuna nini kigumu?"

"Nyuzi."

Mikono ya tabibu ikasimama.

Kinanda akamweleza kwa mdomo nusu. Tangu mkasi mmoja upotee, msimamizi aliikusanya yote akaifungia kabatini. Ukiutaka, uinuke, upange foleni, na mashati yakipungua ni shauri yako. Basi ukumbi mzima wa wanawake ulikuwa unauma nyuzi kama panya, shati baada ya shati, shingo zimeinama. Chuma kililindwa kabatini, na mifupa ya watu ikaachiwa kazi ya chuma.

"Ukiendelea hivyo, ninachofungua mimi watakifunga wao," tabibu alisema. "Usiume uzi tena. Na usiinamishe shingo. Siku taya likikwama moja kwa moja, usije ukanilaumu."

Kinanda alitoka mdomo ukifunguka upana wa vidole viwili. Njiani alijaribu ubeti mmoja wa wimbo. Ukatoka.

Kesho yake alishona bila kuuma uzi. Mashati yakarundikana, kila moja na ndevu zake za nyuzi.

"Mwenzangu, umeanza kufuga mbuzi?" jirani yake wa cherehani alinong'ona.

Msimamizi alikuja akainua shati moja kwa ncha za vidole. "Nini hiki?"

"Naomba mkasi, bosi."

"Kwani meno yameng'oka?"

"Meno ninayo. Ila haya ni yangu. Ya kiwanda umeyafungia kabatini."

Kicheko kilipita ukumbini kama upepo wa mlangoni. Jirani naye akaliweka shati lake juu ya rundo, uzi ukining'inia. Wa tatu akafuata. Msimamizi alitazama marundo, akatazama saa, akaenda kabatini.

Alirudi na mkasi na kipande cha kamba. Akaufunga kwenye mguu wa meza ya Kinanda, fundo juu ya fundo. "Haya. Usiseme nakunyanyasa. Na usitembee."

Kamba ilikuwa fupi. Mkasi haukufika kwenye sindano. Ilibidi shati lishushwe na Kinanda alifuate, shingo imepinda, shavu linakaribia ubao wa meza. Akainama, akakata. Mbele ya sikio, bawaba ikalia.

"Imba basi, Kinanda," jirani alisema. "Si umeshinda?"

Kinanda alikuwa ameishika kamba kwa vidole viwili, anaivuta polepole, aone kama itakubali kurefuka japo kidogo.