Kaniki ya Bi Swaumu

Bi Swaumu anakaanga mihogo nje ya nyumba tuliyopanga, huku Mchafukoge, tangu mimi sijaolewa kuja hapa. Hufunga kaniki, maana masizi na mafuta hayaonekani kwenye kaniki. Mguu wa kushoto anauburuta. Alianguka ngazini mwaka uleule aliofiwa na mumewe. Kabla ya kutia mihogo hurusha chumvi kidogo kwenye karai, mafuta yasimrukie, na midomo yake inacheza. Anamsalia Mtume. Mimi nakaa naye karibu, nasikia.

Mwezi wa tatu walikuja wanafunzi wawili wa chuo, Benjamini na Josepha. Walikuwa wanatengeneza filamu ya mtihani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Niwafungie ya shilingi ngapi?"

Hawakutaka mihogo. Walitaka kumwangalia tu. Siku tatu Josepha alikaa kwenye kigoda akimtazama mguu, mkono, midomo. Siku ya mwisho wakaomba kuazima kaniki. Bi Swaumu alisita. Mimi ndiye niliyesema, "Wape bwana, utatokea kwenye sinema!"

Akacheka, akanituma ndani nikalete kaniki mpya.

"Hapana, bibi," Josepha akasema. "Tunataka hiyo uliyovaa."

Jumamosi moja baada ya alasiri walirudi na kompyuta kutuonyesha. Bi Swaumu aliepua karai mapema, akavaa dera lake la Idi, akakaa mbele kabisa na mwanangu Amira mapajani.

Akatokea Josepha ndani ya kaniki. Anaburuta mguu. Anarusha chumvi kwenye chungu, ananong'ona, na nyumba ya jirani mtoto mchanga anaanza kukakamaa.

"Bi Swaumu mtupu!" Khalfani, mpangaji mwenzetu, akapiga makofi. Watu wakacheka, kisha mmoja mmoja wakamgeukia Bi Swaumu.

"Huyo mchawi ndiye mimi?"

"Si wewe, bibi, ni mhusika tu," Benjamini akasema. "Mtu akiona kaniki na ule mguu, hahitaji kuambiwa. Tungemvalisha dera la maua, nani angemwogopa?"

"Basi nifutie, mwanangu."

Benjamini akainamisha kichwa. Filamu ilishafika kwa mwalimu, na mtandaoni ilishawekwa, watu wanatumiana. Josepha alimrudishia kaniki imefuliwa na kukunjwa vizuri, kwa mikono miwili.

Watoto waliokuwa wakitumwa mihogo sasa wanavuka barabara, wananunua kwa Maimuna. Akigusa chumvi tu, wanapiga kelele, "Anaroga huyo!"

Kwa hiyo chumvi ameiacha, na kaniki pia. Anakaanga amevaa dera la Idi, na mikono yake imejaa malengelenge. Midomo ameibana. Anatembea ameunyoosha ule mguu kama mzima, na mimi namwona jasho linavyomtoka. Nilimwambia, "Jiburutie tu, Bi Swaumu." Akanijibu, "Nyamaza, Mama Amira, wananiangalia."

Jana alimwita Amira ampe kile kipande cha ncha ya muhogo, kama siku zote. Amira akaniganda kwenye gauni.

"Mama, kabadilisha nguo tu. Ni yuleyule."

Bi Swaumu alikuwa bado amenyoosha mkono. Nikakichukua mimi kile kipande, nikakila palepale, watu wanaona. Hakikuwa na chumvi.