Sahihisho Namba Arobaini na Moja

Badibanga hakuwahi kukanyaga Tenke, lakini tabia za kompyuta ya Tenke alizijua kuliko tabia za mashemeji zake. Alijua kwamba asubuhi za baridi huchelewa kuamka, kwamba ukiipa maneno mengi kwa mpigo huyatema, na kwamba kila umeme ukikatika husahau tarehe. Yote hayo aliyajua akiwa ameketi Kolwezi, mji wa shaba wa Katanga, katika chumba cha mashine nyuma ya ofisi ya wafanyakazi ya kampuni, mbele ya mashine ya kuandikia iliyofungwa kwenye waya wa simu, waya ambao ulikwenda na reli mpaka mwisho wake.

Kazi yake nitaieleza mara moja tuachane nayo. Kampuni ilikuwa na kompyuta ndogo katika maghala yake ya mbali, moja Tenke, upande jua linakotokea, na nyingine Kisenge, upande linakozama, na kila moja ilitunza orodha ya wafanyakazi wa kituo chake na familia zao. Programu ikionekana ina kosa, Badibanga aliandika sahihisho, akalipa namba, akalijaribu kwanza Kolwezi, kisha akapiga mstari mmoja wa amri wenye jina la kituo na namba ya sahihisho. Halafu akangoja. Kule mbali sahihisho lilijipanga mahali pake, na mtu wa kituo akishaona linafanya kazi alirudisha herufi tatu, REC, yaani limepokelewa. Bila REC, Badibanga hakwenda nyumbani hata chakula kipoe.

"Ule REC njo bibi yako ya kwanza," mkewe Ndaya alikuwa akimwambia. "Miye niko wa pili."

Mtu wa Tenke aliitwa Kisimba. Hawakuwa wameonana uso kwa uso hata siku moja, lakini kwa miaka tisa Kisimba hakutuma REC bila kuongeza utani chini yake: kwamba mbuzi wa mkuu wa stesheni amekula nusu ya sahihisho, au kwamba citoyen Badibanga, kama raia wote walivyoitwa siku hizo, anaandika kama mtu aliyekosa bukari, ugali wetu. Kisenge alikuwako Godelieve, mwanakwaya, ambaye serikali ilipopiga marufuku majina ya Ulaya alijaza jina jingine kwenye karatasi na watu wakaendelea kumwita Godelieve kama kawaida. Wote wawili Badibanga aliwafundisha sheria moja kwa ukali: kinachotoka Kolwezi kifanywe siku ile ile, bila maswali. Alikuwa na sababu. Mwanzoni watu waliyalaza masahihisho mwezi mzima, na kila kituo kikawa na programu yake.

Mwaka 1985 mfanyakazi mmoja, Ngeleka, alikufa kazini Kisenge. Hakuna aliyejua kwao ni wapi, kwa hiyo wenzake walimzika, wakamlilia walivyoweza, wakarudi kazini. Baada ya miezi minane mama yake alifika Kolwezi kutoka Kasai, kitambaa cheusi kichwani, akaulizauliza mpaka akaingia katika kile chumba cha mashine. Alisimama mbele ya mashine akaitazama kwa muda mrefu.

"Banasema hii mashini inajua bantu bote," alisema. "Mutoto wangu ilimujua. Miye mama yake, haikunijua?"

Badibanga alisimama akamvutia kiti. Mama yule akakikataa.

Wiki ile hakulala vizuri, na ilipokwisha alikuwa ameandika sahihisho namba arobaini na moja. Liliongeza safu moja katika orodha: kwao kwa baba ni wapi, ili mtu akifa telegramu ijue pa kwenda. Hakuna mkubwa aliyemtuma. Ilikuwa akili yake mwenyewe na huruma yake mwenyewe, na nasema hivyo kwa sababu baadaye alijitafutia mtu wa kumlaumu, asimpate. Alipiga amri, Tenke ikajibu REC, Kisenge ikajibu REC. Kisimba na Godelieve wakazunguka na madaftari kuuliza watu mmoja mmoja.

Kwake nyumbani alijaza mwenyewe. Baba yake aliletwa na kampuni kutoka Tshilenge, kule Kasai, kuchimba shaba. Badibanga alizaliwa Kolwezi, akasoma Kolwezi, akaoa Kolwezi, na Tshilenge alikuwa akiisikia tu mdomoni mwa mama yake, Mama Mbelu, wakati bibi kizee huyo akitaka kuwasema watoto kwamba hawajui adabu. Ndaya aliona kalamu inaandika Tshilenge, akaishika.

"Weye ulizaliwa hapa hapa. Na batoto banazaliwa hapa hapa. Andika Kolwezi."

"Ndaya, mutu anaandika kwabo na baba yake," Badibanga alicheka. "Nikifwa, batatuma telegramu Kolwezi ya kazi gani? Hapa bote batakuwa banalia tayari."

Akaandika Tshilenge mbele ya jina lake, na mbele ya majina ya watoto wake watatu na la Mama Mbelu. Mbele ya jina la Ndaya, kwa kuwa baba yake alitoka Katanga ya kaskazini, akaandika Malemba. Hivyo ndivyo tunavyofanya sisi wote, hata ambao hatujui barabara ya kwenda huko tunakokuandika.

Miaka saba safu ile ilifanya kazi yake. Telegramu zilikwenda Sandoa, zilikwenda Kabinda, zilikwenda kila mahali, na watu walifika kwenye matanga wakiwa bado na machozi. Watu wa vituoni waliliita sahihisho la kilio. Mzee mmoja alimletea Badibanga jogoo, naye akaona aibu kumchinja, jogoo akafa kwa uzee.

Ndipo ikaja 1992, na wakubwa wa Katanga wakaanza kusema kwenye mikutano kwamba Katanga ni ya wenyeji, kila mtu arudi kwao. Mwanzoni Badibanga alidhani ni maneno ya mikutano. Watu waliokunywa naye chai walianza kunyamaza akipita. Nyumba moja ikachomwa, kisha mtaa. Asubuhi moja aliona watu wamejaa kwenye lango la kampuni, akajipenyeza, akakuta karatasi zimebandikwa ukutani: orodha ya watu wa Kasai, wafanyakazi na familia zao, wanaotakiwa kuondoka.

Hakuna aliyehitaji kumwomba msaada. Safu ilikuwapo, na mtu yeyote mwenye kidole aliweza kuiagiza mashine ichambue watu kwa safu ile. Kurasa kumi na nne, kwa alfabeti, mistari imenyooka. Jina lake lilikuwa ukurasa wa kwanza, na chini yake watoto watatu, na Mama Mbelu. Ndaya hakuwamo. Badibanga alisimama pale, na jambo la kwanza lililomjia, Mungu amsamehe, ni kwamba safu imepangika vizuri. Jambo la pili ni kwamba safu ile ameiandika yeye, akakaa chini kwenye vumbi mbele za watu.

Jumamosi mchana alipata habari kwamba orodha za Tenke na Kisenge zitabandikwa Jumatatu. Basi kulikuwa bado na nafasi. Kolwezi imeshaharibika, alijiambia, lakini kule mbali safu ikifutwa kabla orodha haijachapwa, hapatakuwa na orodha, na watu watabaki na nyumba zao. Alikwenda kazini kama siku nyingine zote. Mlinzi wa lango, aliyemjua tangu ujana, aligeukia ukuta, akamwacha apite.

Aliandika sahihisho namba mia mbili na kumi na mbili, mistari thelathini na mmoja, na kwa mara ya kwanza maishani hakulijaribu kwanza. Akapiga amri kwa Kisenge. Baada ya muda mashine ilianza kugonga karatasi.

REC. Safu iko tupu, nimeangalia mara mbili, na orodha haijatoka bado. Minaombea weye na batoto. Godelieve.

Akapiga amri kwa Tenke. Kimya. Akapiga tena. Mara ya tano alielewa kwamba waya umekatika mahali fulani, huenda umeibwa kwa ajili ya shaba yake. Ikabaki fonie, redio ya kampuni, ambayo kila kituo husikia kila neno. Alijua hatari yake, akaishika hivyo hivyo.

"Tenke, Tenke, huku Kolwezi."

"Minakusikia, citoyen!" Sauti ya Kisimba ilikuwa na furaha ya mtu asiyejua lolote. "Leo haiko siku ya kazi. Bibi anakufukuza ku nyumba?"

"Kamata kalamu. Nitakusomea sahihisho kwa mudomo. Iko ya kugeuza makumi ine na moja."

Redio ilikoroma kidogo.

"Ile ya kilio?"

"Njo ile. Funga ile colonne, ile safu, mbele ya kutosha liste ku karatasi."

Kisimba aliporudi hewani furaha ilikuwa imekwisha.

"Citoyen, liste minaitosha jana, iko ku karatasi tayari. Agizo lilifika asubuhi, nikalifanya siku ile ile, vile ulitufundisha." Ikasikika anafunua karatasi. "Niliona majina mingi. Nikasema, Mungu wangu, ajali gani imepita? Mi nilifikiri ni ya matelegramu. Sasa njo minaelewa iko ya kufukuza bantu."

Badibanga aliweka paji la uso kwenye meza. Hakumlaumu, angemlaumuje? Kisha akafanya kitu kisichokuwa na maana: akainua kichwa, akaanza kusoma sahihisho lote, mstari kwa mstari, herufi kwa herufi. Kule Tenke Kisimba alipiga kila herufi bila kuuliza. Walipomaliza, Kisimba alisema kwa mdomo wake, polepole, "REC." Hakuongeza utani.

Jumatatu Badibanga alifukuzwa kazi na nyumba akanyang'anywa. Walikaa stesheni ya Kolwezi majuma matatu wakingoja gari-moshi, chini ya hema la gunia, pamoja na maelfu ya wengine. Ndugu za Ndaya walikuja kumchukua. Wakamwambia hayumo kwenye orodha, arudi nao.

"Ndiyo, mi naandikwa Malemba," Ndaya aliwajibu. "Na aliyeniandika njo huyu bwana yangu. Minaenda naye, nimuulize vizuri mu njia." Alicheka aliposema hivyo, kisha akalia mpaka jioni.

Mama Mbelu hakulalamika. Alikuja Kolwezi akiwa bibi harusi wa miaka kumi na mitano, na sasa alikuwa anarudishwa kwao katika behewa la mizigo, miguu imevimba, akimshika mjukuu mkono. Gari-moshi lilipofika Tenke liliachwa pembeni siku nne kwa kukosa injini. Maji yalikuwa machafu. Asubuhi ya siku ya pili bibi kizee aliomba chumvi kidogo alambe, na kabla haijapatikana alikuwa amekata roho. Ndaya alimfunika kwa kitenge chake kimoja kilichokuwa kimebaki.

Ndipo Badibanga akasikia mtu anaita nje, behewa kwa behewa, "Citoyen Badibanga! Citoyen Badibanga wa Kolwezi!" Aliruka chini. Siku zote alimwaza Kisimba kuwa jitu refu. Aliyekuwa mbele yake ni mwanamume mfupi, kipara, ndoo ya maji safi kila mkono. Walitazamana. Kisimba alitua ndoo, akaona kitenge ndani ya behewa na miguu ya mzee inayotokeza chini yake, akafunika uso kwa mikono. Walishikana, wakalia wote wawili kama wanaume wasiojali nani anatazama.

Walimzika Mama Mbelu nyuma ya stesheni, pamoja na wengine wa siku ile. Waliporudi Kisimba alitoa daftari mfukoni na kalamu ya risasi. Ilikuwa desturi yake ya miaka saba, na mkono ulikuwa umeshatangulia.

"Waya banatengeneza juzi," alisema. "Telegramu inaweza kwenda. Mama alikuwa wa wapi?"

Badibanga alitaka kusema Tshilenge. Huko Tshilenge nani angemlilia? Waliomjua walikuwa wamekufa, na kwa miaka ishirini haikuja hata barua. Waliotwanga naye mihogo, walioimba naye kanisani, waliompokelea watoto wake, wote walikuwa watu wa mji mmoja. Nusu yao walikuwa wamelala kwenye mabehewa haya. Nusu walibaki nyuma ya mapazia yao siku alipopita na kifurushi chake kichwani, wakamtazama bila kutoka.

"Andika Kolwezi," alisema.

Kalamu ya Kisimba ilisimama. "Kolwezi kwa nani?"

"Kwa bale benye kubakia. Waambie Mama Mbelu amekufwa."

Kisimba aliandika hivyo hivyo, akakunja karatasi, akaondoka kwenda kuituma siku ile ile.