Beya Mtafsiri na Wajapani Wasiopigana

Tata Beya alitafsiri lugha tano, na zote tano hakuzijua. Kwa miaka ishirini na miwili, katika ukumbi wake wa video pale mtaani Dilala, alisimama kando ya televisheni na kipaza sauti mkononi, akiwatia maneno vinywani Wachina na Wahindi. Jambazi akitoa bastola, Beya humfanya alalamike juu ya shemeji yake wa Mutshatsha. Watu walikuja kwa ajili ya uongo huo, wakacheka mpaka machozi.

Siku moja Kalenga, anayewajazia watu filamu kwenye kle za USB, alimwambia: "Tata, nakupatia sita za Japon. Zote kimono." Beya aliposikia kimono akabandika tangazo: KARATE KALI. Wachimbaji wa migodini wakajaa. Dakika arobaini zikapita. Kwenye televisheni mzee mmoja alimmiminia dada yake chai, dada akashukuru, wakatoka wote wawili, na picha ikabaki inaangalia chumba kitupu.

"Tata Beya, banaanza kupigana saa ngapi?"

"Ngojeni! Mu ile chai kuko sumu!"

Hapakuwa na sumu. Watu wakaondoka, wakimwachia matusi na benchi moja lililovunjika. Alibaki Jeanne tu, mke wake, mwalimu mstaafu, ambaye moyo mgonjwa ulikuwa umemvimbisha miguu kama mihogo. Beya alitaka kuzima.

"Wacha. Na funga kinywa, Beya. Mi naona."

Ndivyo walivyoanza. Kila alasiri, kabla ya wateja, Jeanne alimsomea taratibu maandishi ya Kifaransa chini ya picha, na Beya, kwa mara ya kwanza katika kazi yake, akajua filamu inasema nini. Aliwapenda Wajapani wale kwa shingo upande. Walivua viatu mlangoni hata wakiwa na hasira. Hata mtoto mpumbavu aliaga vizuri. Jeanne alimpenda zaidi mzee aliyesema kesho itanyesha.

"Hasemi mvua," akamweleza mumewe. "Anataka kusema: usiende."

"Muluba kama sisi angelisema yote, na majirani wangesikia!"

"Eh. Na wewe ulisema yote, Louis akaenda."

Louis alikuwa mtoto wao wa pekee. Uchumba wake ulipovunjika, Beya aliusimulia ukumbini, kwa kipaza sauti, akiigiza hata sauti ya binti na ya mama mkwe. Dilala nzima ilicheka. Kesho yake Louis alihamia Tenke kuendesha lori.

Katika filamu ya tano kulikuwa na mama aliyemsifu kwa majirani mwanawe asiyekuja. Jeanne akaacha kusoma.

"Muite Louis," akasema. "Siku zangu haziko mingi. Ni wewe ulimufukuza, ni wewe umuite."

Beya akatoka nje, akapiga simu. "Louis, mama yako anakufa."

"Ulisema vilevile mwaka jana, tata. Nikaacha kazi, nikamukuta anakaanga samaki."

"Sasa ni kweli."

"Na ile mara pia ulisema ni kweli. Nitakuja mwisho wa mwezi." Simu ikakatika.

Beya alirudi ndani. Jeanne alikuwa amekwisha kugeuza kiti chake kuelekea mlango.

"Anasema nini?"

"Yuko njiani," akatafsiri Beya.

Siku ile Jeanne alisukwa nywele. Kesho yake akaomba kitenge kizuri. Hakumpigia mtoto simu. Mtu aliye njiani haharakishwi. Siku ya tatu aliuliza kama barabara ya Tenke imeharibika, na Beya akasema eh, imeharibika sana. Makanisa mawili yalikuja kumwombea, yakaimba kwa nguvu, na Jeanne akapinda shingo kuitazama njia, maana waimbaji walikuwa wameziba mlango. Siku ya nne, alasiri, akafa.

Louis alifika wakati wa kilio, vumbi la lori bado nyusini. Hakumsalimu mtu. Alipiga magoti mbele ya baba yake.

"Mama alisema nini?"

Beya alikuwa amekwisha kutengeneza maneno: msamaha, baraka, na hata kichekesho kidogo katikati, kwa sababu Jeanne alikuwa mtu wa kuchekesha. Maneno mazuri, ukumbi mzima ungelia. Alifungua kinywa.

"Alikungojea," akasema. "Siku nne. Mi nilimwambia uko njiani."

"Basi alikufa akifikiri mi nachelewa tu."

"Eh."

"Hata mi, tata. Hata mi uliniwekea maneno mu kinywa."

Akasimama, akaenda kukaa upande wa pili, kati ya dada za mama yake. Wakamsogezea mkeka. Beya hakumfuata.