Siku Neema Aliporudishwa

Juzi huko Mbarara nilimwona msichana wa shule akisimama mbele ya mlango wa mshauri wa vijana, akasita, akageuka, akaondoka. Nilimkumbuka dada yangu Neema, hasira ikanipanda, wala si kwa msichana yule.

Wakati ule tulikuwa Rubondo, kwenye makazi ya wakimbizi, mchana wa jua kali, mihogo iliyolowekwa ikinuka uani na pampu ya kisima ikilia. Neema alikuwa na miaka kumi na mitano. Tangu tutoke Kivu alikuwa hali chakula vizuri wala hacheki. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Unisindikize kwa mwalimu. Niko na mambo mingi mu roho, peke yangu naogopa."

Mimi, nikiwa bado mdogo, nilijua mtu huenda kwa mwalimu kushtaki tu. Nikakimbia jikoni. "Mama, Neema anaenda kutushtaki!"

Mama alitoka na mwiko mkononi. "Neema! Mambo ya nyumba haitoke inje. Rudi!"

Neema alirudi, akakaa kumenya mihogo mingine bila kunitazama. Nami nikajisifu kwamba nimeiokoa familia. Ilipita miaka minne kabla hajathubutu tena kuomba msaada, na safari hiyo hakuniomba nimsindikize.