Simu ya marehemu mume wangu na picha za Nzilo

Admin, jina langu liache pembeni. Kolwezi ni ndogo na mdomo wake ni mkubwa. Nina miaka thelathini na nne, watoto wawili, na ni mjane tangu miezi miwili iliyopita.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori kwenye mgodi wa Fungurume, mtu wa mizaha. Tulipotimiza miaka kumi ya ndoa alinipeleka ziwani Nzilo. Usiku, mwezi mpevu, hakuna mtu. Tukaoga, tukatoka majini, akaegesha simu juu ya jiwe. "Mama Gloire, leo tunapiga picha sawa Adamu na Eva. Mwezi tu njo iko natuona!" Tulikimbia, tuliruka, alijifunika kwa kofia na kofia ikaanguka. Nilicheka hadi nikakaa chini. Nikamwambia azifute. Akasema kesho.

Homa ilimchukua kwa siku nne. Kwetu mtu akifa, ndugu zake ndio hukusanya vitu vyake, na mimi nilikuwa nimekaa chini matangani, sikuweza kuinuka. Shemeji alibeba simu pamoja na viatu. Namba ya kuifungua naijua mimi tu.

Juzi shemeji alikuja na simu, pamoja na mama yake. Mamamkwe alinishika mikono. "Mama Gloire, mi naomba tu nione sura ya mutoto wangu. Unipatie ile code." Mama kuona uchi wa mwanawe mtu mzima, kwetu ni laana. Na mimi nitamtazamaje shemeji tena? Niliomba niifungue peke yangu, dakika mbili tu. Shemeji akaruka: "Ah non! Iko naficha banaume yake mule! Samedi napeleka kwa fundi, afute byote, mi nitumikishe hii simu."

Mamamkwe aliondoka akilia, na Jumapili kanisani hakuniitikia salamu. Naumia, maana huyu mama nampenda.

Kwenye picha zetu za harusi mume wangu amenuna kote, suti ya kuazima ilimbana. Anacheka kwenye zile za Nzilo tu, na mimi sina nakala hata moja. Nikitaja namba, namvua nguo mbele ya mama yake. Nikinyamaza, Jumamosi hii zinafutwa zote, na binti yangu mdogo ameanza kuniuliza baba alikuwa anachekaje. Ninyi mliowahi kufiwa, nishaurini, nifanye nini?