Mvunja Magari wa Biryogo Ayatafuta Makasha Kumi na Saba

Saa mbili asubuhi, mtaa wa Biryogo, Kigali. Nyundo iko juu, patasi iko mkononi, na betri ya Pijo 404 imewekwa mbele ya Usumani. Kwa miaka ishirini na miwili mkono huo umeshuka bila kuuliza. Leo haushuki. Mzee ameduwaa, anaikodolea macho betri kama mtu aliyesahau jina la mkwewe.

"Sijui niivunje au niiache," anasema. "Na nikiiacha, niipeleke wapi?"

Usumani, mjukuu wa mchuuzi aliyehamia hapa kutoka Tabora, ni mvunja magari. Gari likishakata roho huletwa uani kwake. Springi humwendea mhunzi zikawa visu, matairi humwendea Viateur, fundi wa makubadhi, na bati la boneti huishia kuwa jiko la makaa. Tangu vita viifunge barabara ya kaskazini mwaka juzi, vipuri vimeadimika na kazi imeongezeka. Zamani alivunja magari mawili kwa mwezi, sasa ni matano.

Fahari yake ilikuwa moja: kwake hakitupwi kitu. Betri alizipasua, madini ya risasi akayauza kwa kilo, tindikali akaimwaga kwenye shimo nyuma ya choo. Yalibaki makasha meusi yasiyo na mnunuzi. Hayo aliyagawa bure kwa majirani, na kila alipogawa moja alijiona kapata thawabu.

Moja lilikwenda kwa Nyirarukundo, mjane anayeuza mayai, nyumba ya tatu kutoka hapo. Akalifanya chombo cha kunyweshea kuku.

Mwezi wa tatu kuku wakaanza kulegea shingo. Katika wiki mbili wakafa tisa. Macho ya mama huyo yakaelekea kwa Mukabalisa, muuza uji wa mtama, jirani yake wa ukuta mmoja, ambaye kuku wake walikuwa wazima kabisa. Siku hizi mjini kushukiana kumekuwa rahisi kuliko kusalimiana. Neno sumu lilipomtoka hatimaye, mtaa mzima ulilidaka.

Desturi ya hapa inajulikana: anayekukaribisha kinywaji hukionja kwanza mbele yako, ili moyo wako utulie. Mukabalisa alionja kila kikombe, mbele ya kila mteja. Haikumfaa kitu. Vikombe arobaini vya kila asubuhi vikashuka hadi vitano, mwisho uji ukawa wa nzi.

Usumani akaitwa nyumbani kwa Nyirarukundo kusuluhisha, yeye ndiye mtu mzima wa mtaa. Mukabalisa akaleta uji, akaonja, akampa mwenzake kwa mikono miwili. Nyirarukundo akaupokea, akauweka chini, hakuugusa.

"Nilichanganyikiwa," Usumani anakumbuka. "Mmoja anaapa, mwingine analia, na mimi wote wawili nawaamini."

Alitoka nje kupunga upepo, na hapo ndipo alipowaona kuku waliobaki wakinywa kwenye kasha lake. Akachovya kidole. Kikatoka na tope la kijivu.

"Tope lile nalijua, ndilo linalotuama chini ya betri. Kasha lile nililisuuza mara moja tu, mbiombio. Ilikuwa Ijumaa na adhana ilikuwa imeshapigwa."

Pale pale angeweza kusema. Hakusema. Alilitwaa kasha kwa kisingizio kwamba limepasuka, akaenda nalo uani kwake, akakaa kimya siku nne. Alijaribu kujidanganya: mbona Viateur amepanda vitunguu kwenye lake na vimestawi? Mbona kwingine kuku wazima? Alikwenda kuuliza tindikali inamwagwa wapi. Ofisi ya kwanza ikamtuma ya pili, ya pili ikamrudisha ya kwanza. Fundi mmoja akamshauri achanganye na majivu, mwingine akamwambia asithubutu. Kila alipouliza alirudi hajui hata alichokuwa anakijua.

Leo asubuhi, akiwa njiani kuja uani, amemwona Mukabalisa akifunga godoro kwa kamba.

"Mimi nilisema basi, nakwenda Masaka, hapo nje ya muji, kwa kaka yangu," Mukabalisa anaeleza. "Mutu akishaita wewe mrozi, mutu wa kulisha watu sumu, hata maji ya bomba yako inakuwa na sumu."

Usumani anaweka nyundo chini. Analitoa kasha chini ya meza, analitwika kichwani kila mtu alione, na kushika njia. Wapita njia wanacheka, yeye hacheki. Anampitia Mukabalisa, wanafika hadi barazani kwa Nyirarukundo.

"Dada zangu, sumu niliileta mimi," anasema. "Nilitoa chombo bila kuonja."

Nyirarukundo anaangalia kasha, anamwangalia Mukabalisa, anarudi kwenye kasha.

"Muzee, siku ile ulikuwa hapa. Sababu gani hukusema?"

"Niliogopa, mama."

Anawaeleza anavyokusudia. Makasha aliyogawa ni kumi na saba, kumi na moja anakumbuka yalikokwenda, sita hajui yako kwa nani. Atayatafuta mlango kwa mlango, akianzia mtaa wa Kabeza, ambako mteja mmoja alichukua mawili. Shimo la tindikali atalifukia, achimbe jingine la saruji lenye kifuniko. Nyirarukundo anamuuliza, na hilo likijaa?

"Hapo sijui. Nitauliza tena."

Mukabalisa ameingia kwake, ametoka na kikombe cha uji wa jana uliopashwa moto. Kwa mazoea anakiinua mdomoni aonje, lakini Usumani anamzuia.

"Lete hapa. Leo naonja mimi."

Anakunywa mafunda mawili, anafuta ukingo wa kikombe kwa kiganja, anampa Nyirarukundo. Mama anakishika muda mrefu, uji unaanza kupoa. Kisha anakunywa, anasita, anakunywa tena.

"Iko baridi," anamwambia Mukabalisa. "Kesho uniletee ya moto."

Mukabalisa anaketi barazani, anajifunika uso kwa kitenge. Godoro lake bado liko mlangoni, limefungwa.